Jicho Lililorukwa

Kitangari,
9 Juni 2024

Dada Isabela,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuvumilia na baridi hii. Sisi tupo. Mama anakula, analala, anasuka. Zaidi anasuka.

Naanza na la heri. Chuo cha ufundi pale Masasi kimeniita nikafundishe ususi wa mikeka. Miaka miwili, na chumba ndani ya uzio wa chuo. Natakiwa kuripoti Jumatatu tarehe 13 Januari. Mimi, dada, niliyeishia darasa la saba, niitwe mwalimu! Barua yao nimeisoma mpaka mikunjo inataka kukatika.

Sasa la pili. Chumba ni cha mtu mmoja, na mama siku hizi si yule uliyemwona Krismasi. Kiswahili kimemtoka, amebaki na Kimakonde tu, na mimi ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Akishakunywa uji anadai ukindu, anasuka ukili mpaka jua linazama. Upana uleule wa chane kumi na tatu, urembo uleule wa jicho la kanga aliotufundisha tukiwa wadogo: mbili juu, moja chini, jicho. Hataki ukatwe, hataki ushonwe uwe mkeka. Nikishika mkasi tu analia. Ukili mmoja tangu mwanzo wa mwezi wa tano! Umezunguka chumba, umepita uvunguni, umerudi mlangoni, na mimi natembea nikiinua miguu kama kuku kwenye tope.

Nimekaa naye miaka kumi na moja tangu baba afariki, na sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba. Mchukue mama hiyo miaka miwili tu. Mjomba Zabroni angekuwa hai ningempelekea yeye atuamulie, lakini tumebaki wawili. Simu yako haipatikani kabisa, kwa hiyo barua nampa Rajabu muuza dagaa, anayekuja gulio la huku na kurudi kwenu. Nijibu haraka.

Mdogo wako,
Anastasia


Lupaso,
23 Juni 2024

Mdogo wangu Mama Silvesta,

Marahaba. Nimepiga vigelegele peke yangu uani mpaka jirani yangu Yuster akaja mbio, akidhani kuna harusi au kuna nyoka. Mwalimu! Wafundishe vizuri hao wasichana, ila usiwe mkali kama mama, aliyekuwa akitugonga vidole na mwiko tukikosea hesabu ya chane.

Ngoja nikuchekeshe. Jumapili mbuzi wa Yuster aliingia kanisani katikati ya mahubiri. Akapita katikati ya viti bila haya, akala maua yote ya altareni, kisha akaanza kutafuna karatasi ya padri. Padri Anderson akasema, "Angalau yupo mmoja aliyelipokea neno." Tulicheka mpaka sadaka ikakusanywa tukicheka.

Simu nimeiweka kabatini. Mtandao wa huku mpaka upande kichuguu, na mimi na magoti haya. Barua ni nzuri zaidi. Mtu unatulia, unafuta, unaandika tena.

La mama nimelisikia. Tatizo ni paa la chumba cha pili, linavuja, na mvua zikija mama atalowa. Ngoja kwanza nilizibe, halafu tutaona. Huo ukili mrefu usikuozee ndani. Niletee mimi niushone.

Ni mimi dada yako,
Isabela (Mama Helena)


Kitangari,
4 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo. Rajabu anakuletea mabunda mawili ya ukili. Nimeukata kwa nyuma, kule mwanzoni ambako mama ameshakusahau, yeye akiwa ameshughulika na ncha ya mbele. Nilijiona mwizi kabisa. Mabunda yote mawili ni ya mwezi wa tano na wa sita, kwa hiyo usiulize yaliyobaki ni mengi kiasi gani.

Hujaniambia kuhusu paa. Mvua ni Desemba, leo ni Agosti, mabati mawili yanatosha. Kama shida ni fundi, Silvesta atakuja kutoka Mtwara akuzibie kwa siku moja.

Hujaniuliza tunashindaje. Tunashinda hivi: namwamsha, namwosha, namnywesha uji, nampa ukindu. Nafagia nikiruka ukili. Saa nne naenda maji, yeye namwacha anapumzika. Nikirudi nampikia, nampeleka chooni, nampa ukindu mwingine. Kesho hivyohivyo. Jumapili hivyohivyo, ila nasikia kengele ya kanisa. Sijakwenda kanisani tangu Pentekoste. Mwenyewe nimeacha kusuka, maana ukindu wote unakwenda kwake, na mwalimu mzima nafika Januari vidole vimekufa ganzi.

Naomba neno moja tu, dada: ndiyo. Nikishalipata nitavumilia hii miezi mitano bila kulalamika.

Anastasia


Lupaso,
1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Mabunda yamefika, yananukia dagaa lakini ni mazima. Mkono wa mama ule! Macho yamekula mstari kama alipokuwa na miaka thelathini. Nitayashona taratibu, maana korosho zinakaribia na peke yangu shambani ni kazi. Hata la kumchukua mama, tusubiri kwanza korosho ziishe.

Sijakuambia kituko cha Jumapili. Mbuzi wa Yuster si aliingia kanisani? Katikati ya mahubiri! Akala maua yote ya altareni, akaanza kutafuna karatasi ya padri. Padri Anderson akasema, "Angalau yupo mmoja aliyelipokea neno." Nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Msalimie mama. Mwambie Isabela wake anamshonea mkeka.

Dada yako,
Isabela


Kitangari,
15 Septemba 2024

Dada Isabela,

Shikamoo.

Mbuzi tena? Nakuuliza habari ya mama, unanijibu habari ya mbuzi. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili, tena kwa maneno yaleyale kama unanakili, nimeona unanifanya mtoto. Mwezi wa sita ni paa. Mwezi wa tisa ni korosho. Januari itakuwa nini? Niambie mapema niizoee.

Dada, nina miaka arobaini na sita. Niliachika nikarudi nyumbani, nikasema sawa, nitamtunza baba. Baba akafa, nikasema sawa, nitamtunza mama. Wewe ulikuwa na mume, na Helena, na shamba lako, nami sikukuonea kijicho. Sasa mumeo ametangulia, Helena ameolewa Lindi, umebaki peke yako kwenye nyumba ya vyumba vitatu, na bado nafasi ya mama haipo. Mimi nimebanwa hapa. Siwezi kwenda msibani, siwezi kwenda gulioni, siwezi hata kuumwa. Wanawake wenzangu wameacha kunialika, maana wameshajua jibu.

Kama hutaki kumchukua mama, sema hutaki. Nitakuchukia mwaka mmoja, kisha nitakusamehe. Lakini usinizungushe.

Anastasia


Lupaso,
27 Oktoba 2024

Anastasia,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nashona, na kwa sababu barua yako iliniuma. Ya kwangu tutayafikia. Leo nina swali, na naomba unijibu bila kupaka mafuta.

Unajua ukili unavyoshonwa. Unauzungusha, ukingo kwa ukingo, mzunguko juu ya mzunguko, ndipo mkeka unapanuka. Kilichosukwa mwezi wa tano kinakaa ubavuni mwa kilichosukwa mwezi wa sita. Basi nilipofika katikati nikaona jicho limerukwa. Nikasema mama amezeeka, ndiyo hali. Mzunguko uliofuata, karibu na palepale, jicho jingine limerukwa. Na uliofuata. Nilipoutandaza mkeka uani, makosa yote yalikuwa yamepangana mstari mmoja, umekata mkeka mshazari kutoka kona hadi kona. Yuster alidhani nimebuni urembo mpya, akaomba nimfundishe.

Makosa ya uzee yangetawanyika, Anastasia. Haya yana saa yake. Nimepima: kila pima tatu, kosa moja. Pima tatu ndiyo kazi ya mama ya siku nzima, wewe mwenyewe unaijua. Na si jicho tu. Mahali hapo chane zimevutwa mpaka zimekatika ukingoni, na nyingine zina alama za meno. Alama za meno ya mama yetu.

Mara moja kwa siku kuna jambo linampata mama. Ni jambo gani? Ni nani anakuja hapo? Unamfanya nini?

Isabela


Kitangari,
3 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo. Hakuna anayekuja. Ni kufuli.

Mwezi wa tano nilikwenda maji nikamwacha amekaa barazani. Niliporudi hayupo. Walimwona watu wa mbali kwenye mikorosho, njia ya kwenda Newala, hana viatu, kanga imefunguka, anaita watu waliokufa. Nyayo zilikuwa damu tupu. Wakamrudisha kwa baiskeli, na mmoja akaniambia mbele za watu, "Mama Silvesta, mzazi hachungwi kama mbuzi, lakini pia haachwi kama mbuzi." Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku hiyo, saa nne, maji yakifunguliwa bombani, namwingiza chumbani na kufunga kwa nje. Nampa ukindu mwingi na maji ya kunywa. Nakwenda, napanga foleni, nabeba, nakimbia. Ni saa moja, siku mbaya saa moja na nusu. Mwanzoni alikuwa akigonga. Siku hizi hagongi. Nikifungua namkuta amekaa kimya anauangalia mlango, na ukili mapajani. Nikafikiri amezoea. Nilikuandikia kuwa anapumzika, na nilikuwa nataka niliamini hilo mwenyewe.

Sikujua kama alikuwa anauma ukindu. Naokota kila siku huo ukili, naukunja kwa mikono yangu, na sikuona. Wewe uko Lupaso umeona.

Naona aibu, dada. Nilikuita mzungushaji, kumbe mwenye kuficha ni mimi. Lakini nifanye nini? Nisipofunga atapotea. Nikibaki ndani tutakufa kiu. Nimejaribu kumlipa msichana wa jirani, mama amemkwaruza uso, hakurudi tena. Sasa unajua yote. Umeona kwa nini nakuomba? Kwako kuna kisima uani. Usingehitaji kufunga mlango.

Anastasia


Lupaso,
24 Novemba 2024

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Sikuhukumu, na sitaki uliandike tena neno aibu. Ungemwacha wazi tungekuwa tumeshamzika. Barua hii nimeianza Jumatatu, leo ni Jumapili, Yuster ameisoma kila siku kuona kama nimerudia.

Nakuambia jinsi ilivyokuwa. Nilipouona ule mstari wa mama, nikasema lazima niwe na hakika kabla sijakutuhumu. Nikatoa mkeka wangu mwenyewe, niliousuka mwezi wa saba, urembo uleule, nikautandaza kando ili nilinganishe. Anastasia, wangu umerukwa macho kila mahali. Hapa mawili, pale matano, kule hakuna jicho kabisa mkono mzima. Wala hayakupangana. Nilikaa uani nikitafuta mstari mpaka jua likanichoma utosi. Ya mama yana sababu, ana mlango uliofungwa. Yangu hayana sababu yoyote, na mimi nilikuwa nimeutazama huo mkeka miezi mitatu nikiusifu.

Nikamwuliza Yuster kuhusu yule mbuzi. Akasema, "Mama Helena, mbuzi yule tulimchinja Krismasi ya mwaka juzi."

Paa langu halivuji. Nilikudanganya. Tangu mwaka jana najishuku. Nina chumvi pakiti tisa ndani. Jumanne moja nilivaa nguo za kanisani nikaenda, nikakuta mlango umefungwa, nikaukasirikia. Simu niliiweka kabatini usije ukanisikia natafuta maneno. Kwenye barua natafuta nikiwa peke yangu. Mara mbili nimeacha sufuria jikoni mpaka likatoboka. Yuster alinipeleka hospitali mwezi huu, daktari akaniuliza huu ni mwaka gani, nikamwambia aangalie kalenda. Alicheka. Mimi sikucheka.

Ndiyo maana sikusema ndiyo. Nilipenda kusema. Lakini mama akija hapa, siku moja nitamwogesha maji ya moto, au nitasahau kama amekula, au nitakwenda kisimani nisikumbuke kuwa nimemwacha nani ndani. Nitamuua mama yangu na sitajua ni mimi. Nilitaka unione mchoyo. Mchoyo anasamehewa, umesema mwenyewe, baada ya mwaka mmoja.

Helena usimwambie kwanza. Ana mimba changa.

Dada yako,
Isabela


Kitangari,
8 Desemba 2024

Dada yangu,

Shikamoo.

Karatasi hii ni ya nne. Tatu nimezichana, moja kwa sababu nilikuwa nakulilia wewe, mbili kwa sababu nilikuwa najililia mimi. Nitasema yote mawili, unisamehe. Nakupenda, na naogopa sana kwa ajili yako. Na nimekasirika. Simkasirikii mtu, nimekasirika tu, asubuhi nimeirusha ndoo ukutani mpaka mama akaacha kusuka akanitazama.

Nilikuwa nimeshahesabu wiki. Nilikuwa nimeshashona gauni la kufundishia, la bluu, lina mifuko.

Chuo sijawaandikia. Najua lazima niwaandikie, lakini kila nikishika kalamu nasema ngoja kesho. Wewe pumzika. Usipike ukiwa peke yako, kula kwa Yuster. Tutafikiri.

Anastasia


Lupaso,
2 Januari 2025

Mdogo wangu Mama Silvesta,

Heri ya mwaka mpya! Nimekukasirikia. Habari kubwa namna hii naisikia kwa Rajabu muuza dagaa, kwamba umeitwa kufundisha mikeka chuoni Masasi, na kwamba unasitasita kwa sababu ya mama? Kwa nini hukuniambia mimi dada yako? Tuna siri gani sisi?

Sikiliza. Jumamosi tarehe 11 nakuja kumchukua mama. Nyumba ninayo, kisima ninacho, nguvu ninazo. Miaka miwili ni nini? Umemtunza peke yako muda mrefu na sijawahi hata kukushukuru. Nimewaza hilo nikaona vibaya. Sasa ni zamu yangu. Wewe Jumatatu nenda kazini, umevaa vizuri, na ukiulizwa nani alikufundisha, nitaje na mimi.

Usinijibu la hapana. Nimeshaamua.

Dada yako akupendaye,
Isabela

Mama Silvesta, ni mimi Yuster, naongeza hapa chini. Nimemkumbusha mara mbili mambo aliyokuandikia Novemba. Kila mara analia upya kama ndiyo kwanza anasikia, kisha kesho yake anapanga tena safari. Ana furaha sana. Nimeshindwa kumkumbusha mara ya tatu.


Anastasia Chilumba,
S.L.P. Kitangari,
Newala.
6 Januari 2025

Mkuu wa Chuo,
Masasi.

Ndugu,

YAH: KUTORIPOTI KAZINI TAREHE 13 JANUARI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nasikitika kukujulisha kwamba sitaweza kuripoti katika nafasi ya mwalimu wa ususi mliyonipatia. Sababu ni za kifamilia na hazina mwisho ninaoweza kuutaja, kwa hiyo siombi kuongezewa muda.

Naomba nafasi hiyo apewe mwingine. Nashukuru kwa kunifikiria.

Wako mtiifu,
Anastasia Chilumba


Kitangari,
6 Januari 2025

Dada Isabela,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya.

Barua yako nimeipata, nimefurahi mno. Kweli sikukuambia, nisamehe, niliogopa kukusumbua. Sasa umeniondolea mzigo wote. Jumamosi njoo umchukue mama, nami Jumatatu nitakwenda Masasi kufundisha. Nguo ya kuvaa ninayo, ya bluu.

Nimemwambia mama unakuja. Amelitaja jina lako, Isabela, wazi kabisa.

Usipande gari peke yako, Yuster atakusindikiza mpaka hapa mlangoni, tumeshakubaliana naye. Na kwa kuwa mama hawezi kusafiri siku ileile, itabidi ulale hapa kidogo kabla hamjaondoka. Kwa hiyo nyumba ifunge vizuri, funguo mwachie Yuster, na beba nguo zako zote.

Mdogo wako,
Anastasia